Kadi ya Mtumba

Ile kadi ya redio ilipakwa rangi nyekundu kabla walioinunua hawajaiingiza kwenye kompyuta hata mara moja. Naanza na hilo kwa sababu hadi leo nikilikumbuka damu inanichemka. Watu wazima, wenye akili zao timamu, walikaa kwenye veranda ya kanisa na kopo la rangi ya mafuta, wakaandika jina la kanisa juu ya kitu ambacho hawajui kama kinafanya kazi. Halafu wakakipepea kwa kofia ili kikauke.

Mimi ni Drusilla, muuguzi wa zahanati ya kanisa huku upande wa Nyamira. Kilima chetu kinatazamana na kilima chenye hospitali ya misheni. Asubuhi isiyo na ukungu tunaliona paa lake, tunaona hata shuka zilizoanikwa. Lakini kuiona hospitali si kufika. Katikati kuna bonde, kuna mto, na kuna njia ya udongo ambayo mvua ikinyesha hata mbuzi wanaikataa.

Mama akishindwa kujifungua kwangu, tuna njia mbili. Ya kwanza ni kumteremsha bondeni kwa machela na kumpandisha hadi misheni, ambako kuna daktari mmoja tu wa kupasua. Ya pili ni kumbeba kuelekea juu hadi barabara ya lami, tutafute gari la kumpeleka hospitali kubwa Kisii mjini. Misheni ndiko karibu. Ila ukifika misheni ukute daktari ameitwa kwingine, inabidi umrudishe mgonjwa kwa bonde lile lile, mto ule ule, ndipo uanze safari ya lami. Nimeona wanawake wakiharibikiwa katika safari hiyo ya kurudi. Kwa hiyo kila mara swali letu lilikuwa moja: daktari yupo? Na kila mara tulibahatisha.

Redio yetu ya kuongea ilipigwa na radi, na radi za huku kwetu zinajulikana. Nyaya za simu ziliibwa zamani. Ndipo mwaka huo wa 1999 wafadhili wa hospitali wakaleta mlingoti wao na mlingoti wetu, antena mbili za kutazamana, na kompyuta mbili ndogo za kukunja. Ukiandika neno huku, linasomwa kule papo hapo, bila waya. Kitu kimoja tu hakikuwemo upande wetu: kadi ya redio, bamba dogo la chuma linaloingia ubavuni mwa kompyuta na kuunganishwa na antena. Hiyo, walisema wafadhili, iwe mchango wa jamii.

Nami nilikuwa na haraka ambayo haikuwa ya jamii. Mdogo wangu Nyangate alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kisu, na kovu lile lilipona vibaya. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba uchungu ukimshika atahitaji daktari, na ungemshika katikati ya mvua ndefu.

Fundi wa hospitali, Ratemo, alinieleza mambo ya kadi kwa subira. Kompyuta zetu zilikuwa zinatumia Linux, mfumo unaogawiwa bure, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua aone ulivyoundwa na kuurekebisha. Uzuri wake huo. Ubaya wake ni kwamba watengenezaji wengi wa kadi hawaujali. Wanaandikia Windows peke yake programu ya kuitambulisha kadi, basi. Kadi ikifanya kazi kwenye Linux ni kwa sababu mtu fulani mahali fulani alikaa chini akaiandikia mwenyewe.

"Na usidanganywe na boksi, Sista," Ratemo aliniambia. "Hawa watu hubadilisha vitu vya ndani, jina linabaki lile lile. Beba kompyuta yenyewe hadi dukani. Ingiza kadi, halafu usikilize. Ikilia mara mbili kwa sauti nyembamba, imekubali. Ikilia mara moja kwa sauti nzito, hiyo achana nayo."

Nikaifunga kompyuta kwa leso, nikaitia kikapuni, nikaenda Kisii mjini kwa Mahesh. Duka lake ni la redio na vikokotoo, na siku hizo alikuwa ameanza kuagiza vitu vya kompyuta kutoka Nairobi. Mkewe Urmila ndiye anayekaa kaunta, naye Ekegusii chake, lugha yetu ya hapa, kinawashinda watoto wetu waliozaliwa Nakuru.

"Bwakire, Sista," alinisalimu, kisha akanitolea kadi mbili.

Moja ilikuwa mpya, ndani ya boksi la buluu lenye picha ya Mzungu anayecheka na kompyuta yake ufukweni. Niliiingiza. Kompyuta ikalia mara moja, sauti nzito, kama mtu aliyekatazwa kitu. Nikaichomoa na kuiingiza tena. Ilikuwa vile vile.

Ya pili ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, imekwaruzwa pembeni. Ilitoka katika ofisi moja ya Nairobi iliyofungwa. Niliiingiza bila matumaini. Ikalia nyembamba, ikalia nyembamba tena, na kitaa cha kijani kikawaka. Mimi na Urmila tulicheka mpaka Mahesh akatoka stoo kuuliza kuna nini.

"Hii ya zamani umechagua?" aliuliza Mahesh. "Hii mpya ina nguvu zaidi. Weka tu Windows, itakubali."

"Kompyuta yenyewe ni ya zamani, haiwezi kubeba Windows ya sasa," nilimwambia. "Niwekee hii. Wazee wa kanisa watakuja kuichukua."

Fedha za kanisa hazitolewi na mtu mmoja, na sina ugomvi na hilo. Urmila akaandika jina langu kwenye kipande cha plasta, akakibandika juu ya ule mfuko wa nailoni. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati ni Mzee Nehemiah. Ni mzee wa kanisa, ana chai nyingi shambani, na ndiye baba mkwe wa mdogo wangu. Nilimwambia habari yote: ile iliyolia vizuri, mahali ilipo, jina langu juu yake. Akaitikia kwa kichwa. Siku ya kwenda mjini mimi nilikuwa nazalisha, kwa hiyo walienda wazee peke yao. Yaliyotokea huko nilisimuliwa baadaye na Urmila.

Alipowatolea ule mfuko wa nailoni, Nehemiah aliugeuza mara mbili mkononi. "Hii imetumika," akasema.

"Ndiyo, lakini Sista alijaribu, ndiyo inafanya kazi."

"Mama, hii kitu itapelekwa mbele ya Mungu. Kitu ya Mungu haiwezi kuwa mtumba. Mpya ni gani?"

Urmila akamwambia mpya inakataa, Sista ameikataa. Nehemiah akamjibu kwamba Sista ni muuguzi, si kanisa. Wakachukua lile boksi la buluu, wakashukuru, wakatoka.

Sabato iliyofuata nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Mchungaji akamwita Nehemiah mbele, na Nehemiah akaliinua boksi la buluu juu ya kichwa chake. Kanisa zima lilisimama. Waliliwekea mikono, wakaliombea, wakamshukuru Mungu kwamba sasa akina mama wa kilima hiki hawatateseka tena. Watu wakasema amina. Nyangate, tumbo likiwa limemshuka, alisema amina kuliko wote, kisha akageuka kunitafuta kwa macho, anichekee kwa furaha. Nilimpungia mkono. Ningefanya nini, nipige kelele katikati ya maombi?

Kesho yake nilipoenda kuichukua ndipo nikawakuta na rangi. Kila mali ya kanisa huandikwa, mabenchi, mabeseni, hata vyombo vya kukojolea wagonjwa, ili isiibwe. Kadi nayo ikaandikwa. Rangi ilikuwa nene kiasi kwamba kadi haikuingia kwenye nafasi yake; ilinibidi niikwangue kwa kisu cha upasuaji. Nilipomaliza kuikwangua nikaiingiza, Mzee Nehemiah akiwa amesimama nyuma yangu na fimbo yake.

Ikalia mara moja, sauti nzito.

"Labda hujaiweka vizuri," alisema.

Niliiweka tena. Kisha nikaichomoa, nikampa yeye aiweke. Ikalia vile vile.

"Mzee, nilikwambia."

"Inahitaji muda kuzoea."

"Si ng'ombe, Mzee. Haizoei. Irudisheni mkachukue ile nyingine."

"Turudishe kitu tumeombea?" Aliniangalia kana kwamba nimetukana madhabahu. "Watu watasema nini? Kwamba tuliweka mikono juu ya kitu mbovu? Na hiyo nyingine ni mtumba, Drusilla. Nimeshasema."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nilimwambia kitanda cha kuzalishia kilichoko ndani ni mtumba, kilitoka Ulaya kikiwa na majina ya watu. Nikamwambia darubini ya malaria ni mtumba. Nikamwambia hata hilo koti alilovaa akiinua boksi mbele ya Mungu alilinunua soko la Masimba, chini ya turubai, na Mungu hakulikataa. Ruth, msaidizi wangu, alikimbilia chumba cha dawa ili asionekane akicheka.

Nehemiah hakucheka. Uso wake ulijifunga, na nikajua nimeyaharibu mambo. Lakini nilikuwa na jambo moja zaidi, nikalisema kwa upole wote niliobakiwa nao. "Basi tumpeleke Nyangate akakae misheni hadi ajifungue. Kuna chumba cha akina mama wanaongoja."

"Na chai itachumwa na nani? Si chombo kimekuja? Wewe kitengeneze." Akaondoka zake.

Mnaona jinsi mambo yalivyogeuka. Kabla ya kadi ile, huenda angekubali. Kila mtu alijua kwamba tunabahatisha. Sasa kanisa zima lilikuwa limesema amina, na aliyesema kwamba hatuna mawasiliano alionekana mtu asiye na imani. Nyangate mwenyewe aliniambia, "Dada, wacha wasiwasi. Si mtawauliza tu kwa mashine?" Nilimweleza mashine haisikii. Akasema itasikia, Mungu hashindwi. Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia.

Mvua zikaanza. Nilingoja kamati ikae, haikukaa. Siku nilipopata ruhusa ya mapumziko nilimwachia Ruth zahanati, nikaichukua ile kadi yenye rangi, nikaenda Kisii.

Mahesh aliishika kwa vidole viwili. "Sista, mimi sasa nitauzia nani hii? Imeandikwa kanisa. Mtu ataona atasema nimenunua kitu ya wizi."

Nilikuwa najua atasema hivyo, na alikuwa na haki. Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Urmila alinitazama, akaingia nyuma, akatoka na ule mfuko wa nailoni, plasta yenye jina langu bado imebandikwa.

"Chukua," alisema. "Peleka ikafanye kazi. Hayo mengine ni ya mimi na mzee wako wa kanisa, nitaongea naye mwenyewe."

Mahesh alifungua mdomo, Urmila akamwambia jambo kwa lugha yao, akaufunga.

Niliposhuka kwenye lami karibu na kwetu mvua ilikuwa inanyesha ya kutosha kuosha dunia. Ilikuwa alasiri. Niliuweka ule mfuko kifuani, ndani ya nguo, nikaanza kuteremka njia ya udongo huku nimeshika viatu mkononi. Kwenye kona ya mikaratusi nikasikia watu wanahema. Wanaume walikuwa wanapanda kuelekea kwangu na machela, matope hadi magotini, turubai juu ya machela. Mbele yao alikuwa Mzee Nehemiah, bila kofia. Ruth alikuwa akikimbia pembeni akiwa amelishika turubai.

Sikuuliza ni nani. Niliona miguu.

"Uchungu ulimshika asubuhi," Ruth alisema huku analia. "Nikawaambia sijui daktari kama yupo. Mzee akasema twende njia ya karibu. Tumefika misheni, daktari ameitwa Kisumu tangu jana."

Walikuwa wametoka bondeni. Walishuka naye, wakavuka mto, wakapanda, wakaambiwa hayupo, na gari la hospitali ndilo lililompeleka daktari. Wakashuka naye tena, wakavuka tena, wakapanda tena. Siku nzima Nyangate alikuwa juu ya turubai lile akishindana na kovu lake. Kama asubuhi wangejua, wangepanda moja kwa moja kwenye lami, na saa hiyo angekuwa Kisii mjini, ameshatoka chumba cha upasuaji.

Niliingiza mkono chini ya turubai nikamshika tumbo. Mimi ni muuguzi, mkono wangu unajua. Tumbo lilikuwa limebadilika umbo. Niliuweka mkono mahali ambapo moyo wa mtoto husikika, nikaweka na sikio, mvua ikinipiga mgongoni, na sikusikia kitu. Kile kijimfuko cha nailoni kilikuwa kifuani pangu, kikavu kabisa.

Nilimwangalia Nehemiah. Sikumtukana. Nilisema, "Nyanyueni, twendeni," na tukaenda. Lori la majani ya chai lilitubeba hadi mjini.

Walimpasua. Mtoto alikuwa mvulana na alikuwa amekufa. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka vibaya, wakautoa ili wamwokoe mama. Daktari aliyenieleza alikuwa kijana mpole, alikuwa akitafuta maneno. Nilimwambia asihangaike, nimeelewa.

Baada ya muda Nehemiah na wazee wawili walikuja wodini kuomba. Kwetu mkaza mwana na baba mkwe wana heshima kali kati yao, ile tunayoiita chinsoni. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na baba mkwe hakaribii kitanda cha mke wa mwanawe. Kwa hiyo Nehemiah alisimama mlangoni, ametuelekezea bega, akaanza kusema na ukuta. Alisema ni mapenzi ya Mungu. Alisema Mungu alitoa na Mungu ametwaa.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ambayo yangesikika hadi Ogembo, na niliapa kwamba wodi nzima itajua ni nani aliyeingia dukani kwa Mahesh, na kwamba hakuwa Mungu. Lakini Nyangate alinishika mkono.

"Tata," alisema, ndiyo kusema baba.

Wazee wote wawili waligeuka. Nehemiah peke yake hakugeuka. Tangu aolewe hajawahi kumwita kwa sauti kutoka kitandani, wala mwanamke yeyote wa boma lile hajawahi.

"Tata, pale njia panda, ulijuaje kwamba tuteremke?"

Muuguzi mmoja alipita na toroli ya dawa, magurudumu yakilia, na tulimngoja apite. Nilitaka ajibu kwamba ni imani, nipate kumrukia. Nilitaka aseme neno lolote la kanisa.

"Sikujua," alisema.

"Haya," alisema Nyangate, akageukia upande wa pili.

Nehemiah aliutafuta mlango kwa mkono kama mtu aliyeingia gizani, ingawa alikuwa amesimama mlangoni, akaondoka. Ombi halikumaliziwa. Nilikuwa nimelingoja neno lile tangu siku ya boksi la buluu, nikidhani nikilisikia nitapoa. Sikupoa. Nilikasirika zaidi, kwa sababu lilikuwa neno fupi hivyo, na angeweza kulisema mapema.

Tuliporudi nyumbani niliingiza ile kadi. Ililia nyembamba mara mbili, kitaa kikawaka, na kabla sijakaa vizuri Ratemo akawa ameniandikia kutoka ng'ambo. Hakuna aliyeiombea. Tangu hapo kila asubuhi hospitali hutuandikia kwanza kama daktari yupo au hayupo, na Ruth hupaza sauti kwa wanaongoja foleni ili wote wajue.

Nyangate amerudi kuchuma chai. Njia yake inapita mbele ya dirisha langu, na kila asubuhi husimama pale na kikapu mgongoni, yeye ambaye hatahitaji tena kujua.

"Leo yupo?" huniuliza.

"Yupo," namwambia, au "Hayupo," na yeye huinamisha kichwa, akaenda shambani.